Nyuki wa Kaburini

Niliondoka nyumbani asubuhi moja bila kujua naelekea wapi. Mama alikuwa anapepeta mtama uani. Akaniuliza, "Unakwenda wapi?" Nikamjibu, "Naenda kuona." Akasema, "Kuona nini?" Nikachukua fimbo yangu, nikatokea kwenye uwazi wa uzio wa minyaa na kushika njia ya kwanza niliyoikuta. Shule ya misheni nilikuwa nimekwisha kuiacha mara tu nilipojua kusoma na kuandika. Mwalimu alisema maswali yangu hayakuwa ya darasa lake, nami niliona kweli hayakuwa.

Haya nawaandikia ninyi mnaoshika moshi sasa, huko kwenye kambi za dhahabu na kwenye kaya za pembeni, ninyi ambao watu huwaita wakikuta nyuki au nyigu wametoboa ardhi ya ua. Mimi nimeacha kazi hii. Sababu mtaiona mbele. Habari za mshahara siziandiki. Vyeo pia siviandiki, maana katika kazi yetu kuna cheo kimoja tu, nacho ni kuwa hai.

Adhuhuri ya siku ile nilipita kwenye kaya moja kando ya njia ya kwenda Shinyanga. Nikamwona mtu mzima amelala kifudifudi katikati ya ua, sikio limegusa udongo, na mwanamke amesimama juu yake ameshika chungu cha maji yanayochemka. Nikadhani ni ugomvi wa mume na mke. Nikasimama nione.

"Sogea, baba, nimwage," mwanamke akasema.

"Ukimwaga utanibabua sikio."

"Basi ondoa sikio."

"Mayu, mama yangu, hawa hawajakukosea. Tazama vizuri. Kila tundu lina mwenyewe mmoja. Yule pale anaburuta kiwavi. Unajua kiwavi kile katoka wapi? Katoka kwenye mtama wako. Unataka kumpikia maji ya moto mtu anayekulindia shamba?"

Mwanamke akatazama tundu, akatazama chungu, akaenda kusongea ugali maji yale. Yule mtu akainuka akijifuta vumbi. Jicho lake moja lilikuwa jeupe kwa moshi wa miaka mingi. Akaniona.

"Na wewe, umepotea au umetumwa?"

"Sijapotea wala sijatumwa."

"Basi shika jembe."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Jina lake lilikuwa Kashinje. Alikuwa mkali, mnusa ugoro, na hakuna mpishi aliyewahi kumridhisha. Nilikaa naye miaka mingi kuliko nilivyokaa na mtu yeyote ambaye sikuzaliwa naye. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kulala chini. Alisema anayefika kwenye ua wa mtu na kuanza kuchimba akiwa bado amesimama, huyo ni mchimba kaburi. Lala, tazama, subiri. Kama matundu ni mengi na kila moja lina mdudu wake, hao ni nyigu wachimbaji. Watachimba msimu huu, watazika viwavi wao, na mvua nyingine hutawaona. Waache. Kama tundu ni moja lenye kibomba chembamba cha nta mdomoni, na vinavyotoka ni vidogo kama nzi, hao ni nyuki wadogo wasio na mwiba. Kibaya watakachokufanyia ni kukuingia puani. Lakini tundu moja pana, lililolainishwa kingo kwa kupitiwa, na mdomoni wamesimama walinzi wakitikisa mbawa, hapo rudi nyuma polepole na utafute samadi kavu ya kuwashia moshi. Hao ni nyuki wakubwa. Kwa kawaida hukaa mitini, lakini wakipata shimo la nungunungu au kichuguu kilichohamwa, huingia ardhini na kufanya mji.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Jembe la mpini mfupi, kisu, kibuyu cha maji, ngozi ya ng'ombe ya kujifunika, kamba za magome, na chungu kilichotobolewa ubavuni cha kuwekea samadi inayofuka. Kashinje alikataa mafuta ya taa mpaka mwisho wake. Baadaye nilifanya kazi kambi moja upande wa Geita, na bwana mmoja mtafuta dhahabu aliona samadi ni kazi ya polepole, akaamua kuwalipua nyuki wa uani kwake kwa baruti. Nyuki walihama. Paa la jiko pia lilihama.

Kitu cha pili alichonifundisha Kashinje ni swali la mlangoni. Kabla ya kupokea hata kata ya maji, aliuliza: "Humu ndani kuna mtu ambaye akiumwa huvimba koo?" Watu walimdhania mganga. Yeye alisema kuna watu ambao nyuki mmoja kwao ni sawa na swila. Si waoga wala hawajarogwa, miili yao ndiyo haikubaliani na sumu ile. Alikuwa amemwona mtu wa namna hiyo akifa akiwa amekaa kitako, mkono bado umeshika kijiko. Akipatikana mtu huyo, Kashinje alimtoa kwenye kaya mpaka kesho yake, hata kama ndiye mwenye kaya, hata kama ndiye aliyetuita.

Kashinje hakufa kwa nyuki. Alikufa kwa mafua, kipindi cha baridi, akilalamika kwamba uji una chumvi.

Baada yake nilifanya kazi peke yangu. Reli ilikuwa imekwisha kupita, watu wakazidi kuja, na kila walipofyeka pori kujenga, waliamsha kitu ardhini. Nilitembea kutoka kambi hadi kambi, Bulyanhulu, Geita, kurudi Kahama. Sikupenda kukaa. Nikikuta mdudu nisiyemjua, nilikaa naye mpaka nimjue, kisha nikaondoka. Ningeweza kuwaandikia mengi ya safari hizo, lakini kuna kaya moja iliyonifanya nishike kalamu, nayo ndiyo nataka mjifunze.

Ilikuwa nje kidogo ya Nyahanga. Mwenye kaya aliitwa Masanja, mtu wa makamo, mpole wa sauti. Alinifuata mwenyewe nilipokuwa nimepanga, akachuchumaa mlangoni.

"Sikuiti uwaue," akasema kabla sijamkaribisha. "Nakuita uwatulize."

"Niwatulize nani?"

"Baba yangu."

Tukaenda. Njiani akanieleza. Baba yake, mzee Ng'wandu, alifariki msimu uliopita, wakamzika katikati ya zizi, kama wanavyozikwa wenye kaya, akiwa amefungwa ndani ya ngozi ya fahali. Mvua zilipokuja udongo wa kaburi ulititia, upande mmoja ukatoboka. Ndani mkabaki uwazi. Nyuki wakaingia. Kwa Masanja na ndugu zake jambo lilikuwa wazi kama mchana: mzee amerudi, na amerudi na hasira.

Nilipofika nikauliza swali la Kashinje. Mwanamke kijana aliyekuwa anatwanga akaacha mchi, akapiga magoti kunisalimu, kisha akasema, "Mimi."

"Huko si kuvimba," Masanja akasema. "Hiyo ni adhabu."

Alikuwa mke wake, Kabula. Alikuwa bado hajapata mtoto, kwa hiyo waliendelea kumwita kwa jina lake. Nikamwomba aniambie mwenyewe ilivyokuwa.

"Mzee alikuwa bado hai," akasema. "Amesimama zizini, fahali anamjia kwa nyuma, ameinamisha pembe. Mimi nipo mlangoni na kikapu cha samadi. Nikapiga kelele, 'Ng'wandu!' Akaruka. Fahali akapita."

Ninyi wa kwetu mmekwisha kuelewa. Mkwe hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hapokei kitu mkononi mwake, hakai anapokaa, na wakikutana njiani mmoja huingia porini. Kabula alikuwa amelitaja jina lile kwa sauti ya kusikika kaya tatu.

"Ungelia tu," Masanja akamwambia.

"Nililia. Nililia jina lake. Ningefanyaje, ningepiga makofi?"

"Mzee hakusema naye tena mpaka alipokufa," Masanja akanieleza.

"Hata kabla ya hapo alikuwa hasemi nami," Kabula akasema. "Ni mkwe wangu."

Mama mkwe wake, Mama Masanja, ambaye alikuwa amekaa kizingitini akichambua kunde, alitoa sauti puani iliyofanana na kicheko.

Baada ya nyuki kuingia kaburini, mmoja alimuuma Kabula shingoni alipokuwa anazoa samadi. Ulimi wake ulijaa mdomo, akaona giza, akaanguka. "Nilipozinduka walikuwa wameanza kunililia," akaniambia. "Ilibidi wanyamaze, na wengine walikuwa wamekwisha kupata sauti nzuri." Kwa ndugu wa Masanja huo ulikuwa ushahidi. Kati ya watu wote wa kaya, mzee amemchagua aliyemtaja. Wakaamua kwamba kila asubuhi Kabula apeleke kata ya pombe ya mtama, ile tamu ambayo haijachacha, aimimine kwenye mdomo wa lile tundu na kuomba msamaha mpaka mzee atakapotulia.

Nilikwenda nikalala chini mbali kidogo na kaburi, nikatazama, nikinong'ona peke yangu, "Ni nyuki tu." Udongo pale mdomoni ulikuwa unanata kwa pombe, na nyuki walikuwa wamejipanga pembeni wakinywa, weusi kwa wingi. Nilikuwa sijaona mji wa nyuki ulionona namna ile wakati wa kiangazi. Walikuwa wanalishwa kila siku, na aliyetumwa kuwalisha ni mtu pekee wa kaya ile ambaye mmoja wao angetosha kumuua.

"Unaendaje bila kuumwa?" nikamuuliza Kabula.

"Naenda kabla hawajaamka. Mzee naye alikuwa hapendi kuamka mapema."

Alikuwa anacheka, lakini mikono yake ilishika mchi kwa nguvu. Kurudi kwao hakukuwezekana. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kumwolea kaka yake mke.

Labda mtasema ningewaambia tu ukweli, kwamba wale ni nyuki. Nilikwisha kuwaambia watu hivyo katika kaya nyingine. Walinisikiliza kwa adabu, wakanipa uji, wakamtafuta mtu mwingine. Safari hii nilikaa na Masanja, mama yake na ndugu zake, nikasema maneno waliyoweza kuyachukua. Nilisema mzee analala kwenye matope ya ng'ombe, na mvua zikirudi atalowa. Kwa nini wasimpe nyumba? Nitachonga mzinga, nitamhamisha yeye na mji wake wote, nitamtundika kwenye mti wa mgunga nje ya minyaa, mahali pa kivuli, ambapo ng'ombe hawamkanyagi wala mkwe hapiti.

Mama Masanja akaacha kunde. "Nyumba," akasema. "Alikuwa anataka nyumba mpya miaka yote."

Masanja akakubali, kwa masharti mawili. La kwanza, ifanyike asubuhi. Nikamwambia nyuki huhamishwa jioni, wote wakiwa wamerudi. Akakataa kabisa. "Baba yangu hahamishwi jioni kama mwizi." La pili, Kabula ndiye abebe mzinga, kwa sababu ndiye aliyekosa.

Nilikuwa nafungua mdomo nikatae na kuondoka. Mama Masanja akaniwahi.

"Masanja, una akili? Mtoto huyu hajawahi kumshika baba yako hata mkono. Leo ambebe kichwani? Mkwe? Kumtaja jina mmeona ni kosa, na hilo mtaliitaje?"

Masanja na ndugu zake wakatazama chini.

"Aliyelala naye ni mimi," mama yake akasema. "Nitambeba mimi."

Nilimheshimu sana mwanamke yule. Alikuwa amechukua mila ileile iliyokuwa inamsukuma Kabula shimoni, akaigeuza ikawa ukuta.

Nilichonga mzinga. Siku ya kazi ng'ombe walitolewa mapema, na Kabula alipelekwa nje ya kaya, upande ule upepo unakotoka. Nikafukiza moshi mpaka mlio wa ndani ukashuka, nikachimba kutokea ubavuni ili nisiifikie mifupa. Masega yalikuwa yamening'inia kwenye ngozi ya fahali aliyofungiwa mzee, marefu, meupe, mazito. Nikayakata moja moja, nikayafunga ndani ya mzinga kwa kamba za magome, yenye majana, watoto wa nyuki, katikati na yenye asali pembeni. Mama yao, yaani malkia, nilimpata kwenye sega la mwisho. Nikamtia ndani, na wengine wakamfuata kwa miguu kama kondoo. Waliniuma shingoni na kifuani, zaidi ya kawaida. Sikujali. Miaka yote sumu yao kwangu ilikuwa kama upupu.

Mama Masanja akavaa ngozi yangu, akapiga magoti, nikamtwika. Alitembea polepole kupitia uwazi wa minyaa akisema na mumewe kwa sauti ya chini. Sikusikia yote. Nilisikia, "Na usianze kulalamika kwamba ni ndogo."

Mzinga ulipokwisha kutundikwa, niliwakusanya wote nikasema wazi. Kwa kuwa tumewahamisha asubuhi, waliokuwa malishoni watarudi kwenye mlango wao wa zamani. Watazunguka pale, hawamwoni mama yao, na watakuwa wakali kuliko walivyowahi kuwa. Zizi lisiingiwe mpaka kesho. Nikamfuata na Kabula mwenyewe nyuma ya minyaa, nikamwambia vilevile.

"Kaka," akasema, "mzee si amehama?"

"Amehama."

"Basi waliobaki ni nyuki tu. Wewe ulikuwa unanong'ona hivyo tangu siku ya kwanza, nilikusikia."

"Nyuki tu ndio wanaoua, Kabula. Kesho."

"Haya. Kesho."

Nikaenda kukaa chini ya mti. Mwili ulikuwa unaniwasha toka nyayo mpaka utosi, midomo imekuwa mizito, na nilipomeza mate yalikwama. Jambo hilo lilikuwa jipya kwangu. Nikalala chali nikitafuta hewa, nikamkumbuka yule mtu wa Kashinje aliyekufa na kijiko mkononi.

Nikiwa katika hali ile nilisikia ndugu wa kaya za jirani wakifika, na nyimbo zikaanza. Yaliyofuata nilielezwa na Mama Masanja. Wageni walitaka kuona kaburi. Masanja akasema kaburi sasa ni tupu, mkwe anaweza kuligusa bila aibu, na ingefaa alisiribe kwa samadi, kwa mkono wake, watu washuhudie kwamba amesamehewa. Hakumlazimisha. Kabula mwenyewe alichukua kikapu. Mama Masanja alimwambia, "Mtu wa nyuki kasema kesho." Kabula akamjibu, "Mama, nimepiga magoti pale kila asubuhi nikiogopa. Acha leo niende watu wakiniangalia, nikiwa nimesimama."

Nilisikia vigelegele. Halafu vikakatika vyote kwa mara moja, kama kamba iliyokatwa kisu.

Nilijikokota hadi zizini. Walikuwa wamemtoa nje, na hapakuwa na la kufanya. Uso wake haukuwa wake. Kule kaburini nyuki wachache walikuwa bado wanazunguka wakitafuta mlango. Nusu ya udongo ilikuwa imesiribwa vizuri sana, laini, na alama za vidole vyake zimepita kwa mizunguko, kama wanavyofanya wasichana wanaopenda kazi yao. Nusu nyingine ilikuwa kavu.

Masanja alirudia neno moja mpaka jua likashuka. "Mzee alikuwa amemsamehe. Wale walikuwa nyuki tu. Mzee alikuwa amemsamehe." Hakuna aliyempinga. Nadhani bila neno lile asingeweza kuinuka.

Walimzika Kabula siku iliyofuata nje ya zizi, upande wa nyuma wa nyumba. Nilimwuliza Mama Masanja kama anataka niuondoe mzinga au niuchome.

"Mwache hapohapo," akasema. "Nataka awe ananiona kila nikipita."

Hakuna aliyempelekea pombe tena.

Kwa hiyo ninyi mnaonisoma, msikubali kuhamisha nyuki asubuhi. Msikubali hata kama mnaambiwa ni baba wa mtu, hata kama ni baba yenu. Na mtu anayevimba asikae nyuma ya minyaa, apelekwe kijiji kingine, na mtu wa kukaa naye.

Uvimbe wangu ulichukua siku kadhaa kushuka. Nilimpa jembe na chungu kijana mmoja wa Kahama aliyekuwa anaitaka kazi, nikamwonyesha jinsi ya kulala chini. Kisha asubuhi moja niliondoka, kama nilivyoondoka kwa mama yangu, bila kujua naelekea wapi. Nilifuata watu wenye majembe na karai, wote wanakwenda magharibi, nami nikaenda nao mpaka Nyarugusu.

Pale watu walikuwa wanachimba kila mahali, na vyumba vilikuwa haba. Nilielekezwa kwa mwanamke mmoja wa Tabora, Mama Zena, aliyekuwa na nyumba ya udongo yenye vyumba vya kupangisha. Nikabisha hodi.

"Karibu. Kuna chumba kimoja, lakini nakwambia mapema, uani kuna nyigu. Nimechemsha maji."

"Subiri kwanza, mama."

Nikasimama mbali, nikatazama kwa muda. Sikulala chini. Matundu yalikuwa mengi, kila moja na mwenyewe. Mmoja alikuwa anaburuta panzi aliyemzidi ukubwa.

"Hawa hawana shida," nikamwambia. "Waache, wataondoka wenyewe. Wengine je? Nyuki wakubwa?"

"Wanapita tu kunywa maji kwenye mtungi. Hawajamdhuru mtu."

Nikauliza swali la Kashinje, kwa mazoea. "Humu ndani kuna mtu ambaye akiumwa huvimba koo?"

Mama Zena akahesabu wapangaji wake kwa vidole, akatikisa kichwa. "Hapana, hayupo."

"Sasa yupo," nikamwambia, nikaingiza mzigo wangu ndani.